Kijiji Kimoja cha Malkia Glafira

Hapo zamani, katika nchi ambako mto huganda mpaka magari ya farasi yakapita juu yake, Warusi walikuwa na malkia aliyeitwa Glafira. Msimtafute katika vitabu vya wafalme, hamtamwona. Yumo humu, katika hadithi hii. Sogeeni basi, maana mwishoni nitawauliza neno, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Glafira alishika ufalme akiwa mjane kijana. Ndui ilimuua mumewe, na kabla matanga hayajaanuliwa ikamchukua na mtoto wake wa pekee. Wakuu wa nchi wakamkalisha kwenye kiti cha enzi kwa sababu waliona mwanamke mwenye msiba mzito namna ile hatakuwa na nguvu ya kuwasumbua. Glafira alilia mpaka akamaliza, akafuta uso, akaanza kuwasumbua.

Alifungua shule, na wasichana wakaingia. Wakuu wakanung'unika. Akawakataza mahakimu wasimtese mshitakiwa ili akiri. Wakuu wakanung'unika. Akaleta mafundi kutoka nchi za magharibi, wakachimba mifereji, wakajenga madaraja ya mawe, wakawafundisha vijana kuchora ramani na kuyeyusha chuma. Wakuu wakanung'unika, ila kwenye madaraja walipita. Kisha akaamuru kwamba cheo jeshini apewe anayeijua kazi, asipewe mtoto wa fulani kwa kuwa ni mtoto wa fulani. Hapo wakuu waliacha kunung'unika. Walinyamaza, na kimya chao kilitisha kuliko manung'uniko yao.

Jambo moja tu malkia hakuthubutu kuligusa. Katika nchi ile wakulima walikuwa mali. Bwana akiuza shamba, ameuza na watu waliomo. Akitaka, atamuuza mume huku na mke kule. Glafira alilichukia jambo hilo kwa moyo wake wote, lakini askari wake, nafaka yake na farasi wake vilitoka kwa mabwana hao hao. Akijaribu kuwanyang'anya watu wao, wangemnyang'anya nchi. Kwa hiyo alingoja.

Alipokuwa akingoja, ndui ikarudi.

Ilianza mitaa ya mtoni, ikapanda mjini. Watu walizika asubuhi, wakazika jioni. Makasisi walizunguka na picha takatifu, watu wakazibusu mmoja baada ya mwingine, na waliobusu nao wakaugua. Ndipo malkia akamwita Tabibu Halvard.

Halvard alikuwa mgeni, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, mmoja wa wale walioletwa kutoka ng'ambo. Yeye alijua kuchanja. Huchukua usaha wa mgonjwa ambaye ndui yake ni nyepesi, akamchanja mtu mzima wa afya mkononi, akautia usaha ule ndani ya chale. Mtu huyo huugua kidogo, akapona, na ndui haimgusi tena maisha yake yote. Ndivyo alivyosema.

Malkia akamuuliza, "Umekwisha kuwachanja watu, tabibu?"

"Nimewachanja, Mama Malkia. Hapa hapa nchini mwako, katika kijiji cha Sosnovka."

"Wakapona?"

"Walio wengi walipona."

Malkia akamtazama. Hakumuuliza watu hao walikuwa akina nani. Hakumuuliza kama na wao waliulizwa. Alisema tu, "Basi nianze mimi. Nikisema watu wachanjwe, watasema nawaua. Nikichanjwa mimi kwanza, watakosa la kusema."

"Mama Malkia, ukifa?"

"Nikifa watakuua. Hilo unalijua. Ukitaka kuondoka, gari liko tayari, na hakuna atakayekuzuia."

Halvard alikuwa na mke kwao, na mabinti. Aliitazama mikono yake. Kisha akasema, "Nitahitaji mgonjwa. Mwenye ndui nyepesi."

Sasa, kazi ilikuwa hapo. Nani angemtoa mgonjwa wake? Watu wa nchi ile waliamini kwamba ukichukua usaha wa mtu ukautia kwa mwingine, umeichukua na roho yake: huyu atapona na yule atakufa. Watumishi wa malkia walipita nyumba kwa nyumba. Mlango ukifunguliwa, ulifungwa. Wengine waliwaficha wagonjwa wao chini ya majani ya farasi.

Katika ua wa jumba la malkia palikuwa na mfuaji nguo aliyeitwa Ustinya. Alikuwa mali ya bwana wa Kamenka, ambaye alimleta mjini afanye kazi huku mumewe na mama yake wakibaki kijijini kulima. Uso wake ulikuwa na makovu, kwa maana yeye ndui ilikwisha kumpata utotoni ikamwacha. Alikuwa na mtoto mmoja mdogo wa kike, Palasha, na Palasha alikuwa amelala ana ndui. Vipele vyake vilikuwa vichache, naye alikuwa akicheka na kuomba maziwa.

Hakuna aliyemlazimisha Ustinya. Alisikia wanachotafuta, akamfunga mtoto ndani ya blanketi, akampandisha ngazi mpaka kwa tabibu. Pale mlangoni akasimama.

"Tabibu, niambie kweli," akasema. "Mtoto wangu atakufa?"

"Kwa sababu ya hili, hapana. Nachukua kidogo tu, kwenye kipele ambacho kimeiva. Ni kama kufuta jasho."

"Unaapa?"

"Naapa."

"Una watoto?"

"Ninao."

"Basi apa kwa hao."

Tabibu Halvard akasita. Ustinya akamwona anavyosita, akataka kugeuka. Ndipo tabibu akaapa kwa mabinti zake, kwa majina yao, na Ustinya akamfungua mtoto.

Lakini kabla mkono wa malkia haujaguswa, malkia alimwita mtu mmoja zaidi. Huyo alikuwa Rodion Zaretsky, mkuu wa walinzi, mzee wa ndevu nyeupe aliyeipigania nchi ile tangu enzi za baba mkwe wa malkia. Rodion hakupenda hata moja kati ya mageuzi ya Glafira. Shule hakuzipenda, mafundi wageni hakuwapenda, na hili la kuchanja lilimtia kichefuchefu.

"Mama Malkia, huu ni uchawi," akasema. "Mungu akileta ugonjwa, mtu hukimbia au husali. Hajitii mwenyewe."

"Bwana Rodion, sikukuita uniambie kama ni jambo jema. Nimekuita nikuulize kama utaulinda mlango wangu."

"Niulinde kwa ajili ya jambo nisiloliamini?"

"Ndiyo. Nitaugua, sitaweza kusimama. Wapo watakaosema nimekufa. Wapo watakaotaka niwe nimekufa. Na yeyote atakayeingia anaweza kutoka na ndui akaisambaza. Asipite mtu, mpaka mimi mwenyewe nitoke."

Mzee akapiga goti. "Hatapita mtu. Lakini ujue nitasimama pale nikiwa nakuona umekosea."

"Simama tu," malkia akasema. "Hayo mengine tutazungumza nikipona."

Basi tabibu akamchanja malkia. Mlango ukafungwa. Ndani wakabaki watu wanne: malkia, tabibu, Ustinya wa kumuuguza kwa kuwa ndui haingemrudia tena, na Palasha katika chumba cha pembeni. Nje akasimama Rodion na walinzi wake.

Mwanzoni malkia alikula, akazungumza, akasoma. Kisha homa ikampanda. Mkono ulivimba, midomo ikakauka, akaanza kumwita mwanawe aliyekufa. Tabibu alisema ndivyo inavyokuwa, lakini alikuwa akisema huku anatembea kutoka dirishani hadi kitandani, kutoka kitandani hadi dirishani. Na Palasha, aliyekuwa akicheka, akaacha kucheka. Kipele kimoja kilikuwa kimeingia jichoni.

"Mama," mtoto akaita kutoka chumba cha pembeni.

Ustinya alikuwa amekishika kichwa cha malkia, anamnywesha maji kwa kijiko. "Nakuja, mwanangu."

Malkia akatapika. Ustinya akamgeuza ubavu ili asipaliwe.

"Mama, jicho."

"Nakuja, mwanangu. Nakuja."

Habari nazo hazikungoja. Mjini zilianza kwamba malkia anaumwa. Zikawa kwamba malkia amepewa sumu na mgeni. Zikawa kwamba malkia amekufa na mgeni anaificha maiti ili atoroke na dhahabu. Na aliyezipa habari hizo miguu ni Matvei Zaretsky, bwana wa kijiji cha Dubrovo, mdogo wake Rodion, tumbo moja. Matvei hakuwa mwongo. Yeye mwenyewe aliamini. Aliwakusanya watu wake wa Dubrovo, akawapa shoka na mikuki. Walikwenda kwa sababu bwana alisema twende, na wao walikuwa mali yake. Walipoingia mjini, watu wa mitaa ya mtoni wakajiunga nao, wale waliokuwa wamewazika watu wao mpaka wakachoka kuzika.

Walifika kwenye ngazi za jumba mchana kweupe, theluji ikianguka.

Rodion alikuwa amesimama juu ya ngazi. Matvei akapanda nusu, akasimama.

"Kaka, tupishe."

"Rudi nyumbani, Matvei."

"Malkia yu hai?"

"Yu hai."

"Umemwona?"

Rodion hakuwa mtu wa kusema uongo. "Sijamwona."

"Umemsikia?"

Tangu jana yake Rodion alikuwa akiuliza pale mlangoni, "Mama Malkia, uko?" na sauti iliyomjibu ilikuwa ya tabibu. "Sijamsikia," akasema.

"Hujamwona, hujamsikia. Basi unalinda nini, kaka? Unamlinda huyo mchawi wa kigeni? Wewe uliyesema mwenyewe, mezani kwangu, kwamba jambo hili ni la shetani?"

"Nilisema, na mpaka sasa nasema. Lakini nimeahidi kulinda mlango."

"Kama amekufa umemwahidi maiti!"

"Basi nimemwahidi maiti."

Watu walianza kusukumana nyuma. Jiwe likarushwa, likavunja kioo. Matvei akapanda ngazi moja. Rodion akachomoa upanga. Matvei akapanda ngazi nyingine, machozi yakimtoka, akasema, "Hutanichoma mimi, kaka. Ulinibeba mgongoni." Akamsukuma ili apite.

Rodion akamchoma.

Matvei alikaa chini kwenye theluji kama mtu aliyechoka, akamtazama kaka yake kwa mshangao, akafa. Watu wa Dubrovo walipomwona bwana wao amelala, wakapiga yowe, umati wote ukaanza kupanda.

Kule ndani walikuwa wamesikia yowe hilo. Halvard akalikimbilia dirisha, akarudi mweupe.

"Wanaingia," akasema.

"Tumwonyeshe malkia dirishani," Ustinya akasema. "Wamwone."

"Hapana! Ana homa kali. Baridi ya dirishani itamuua. Nakukataza."

"Wakiingia watamuua nani, tabibu? Wewe, mimi, na yeye, na mwanangu."

"Nakukataza, Ustinya! Mimi ndiye tabibu!"

Ustinya hakumjibu. Alimfunika malkia kwa ngozi ya dubu, akamwinua mabegani jinsi alivyozoea kuinua vikapu vya nguo mbichi, akalipiga dirisha kwa kiwiko likafunguka. Upepo ukaingia na theluji. Malkia akafumbua macho. Aliwaona watu wale wote chini, nao wakauona uso wake, vipele vichache shavuni, nywele zimemshika kichwani kwa jasho. Alisema neno moja, na sauti haikufika popote. Lakini midomo ilitikisika, watu wakaiona inatikisika. Mtu mmoja akavua kofia. Mwingine akapiga magoti. Shoka zikaanza kuanguka kwenye theluji.

Malkia hakufa. Homa ilishuka, vipele vikakauka, akasimama kwa miguu yake, akatoka mlangoni. Alimkuta Rodion bado amesimama pale. Damu ilikuwa imekauka kwenye koti lake, naye hakuwa ameibadilisha nguo hiyo.

Palasha pia hakufa. Lakini lile jicho lilikuwa limepofuka, jeupe kama maziwa.

Baada ya hapo watu walikuja wenyewe kuchanjwa. Walipanga mstari mpaka mtoni, matajiri kwa maskini, na kasisi mmoja miongoni mwao akiwa ameikunja mikono ya joho lake. Malkia akaona siku aliyokuwa akiingoja imefika. Akawaita wakuu wa nchi, akawaambia anataka kuwaacha huru wakulima wote.

Aliyewasemea wakuu alikuwa Platon Orlevsky, bwana wa Sosnovka, mtu wa maneno laini. Akainama, akasema, "Mama Malkia, Mungu amekuponya, nasi tunafurahi. Kwa shukrani, taja kijiji kimoja. Kiwe changu, kiwe cha yeyote, bwana wake hatalalamika. Watu wake watakuwa huru, wao na watoto wao na watoto wa watoto wao. Kijiji kimoja. Ukitaja cha pili, askari wetu watarudi mashambani kwetu, na ngazi zako utazilinda wewe mwenyewe."

Malkia aliwatazama mmoja mmoja. Akajua hawatanii. Akasema, "Basi walioniponya ndio watakaonishauri ni kipi."

Akamwita Ustinya mbele ya wakuu.

Ustinya akaja na Palasha amempakata. Malkia akamwambia, "Wewe na mtoto wako nitawanunua niwaache huru leo hii. Hilo halina ubishi."

Ustinya akatikisa kichwa. "Mama Malkia, mume wangu yuko Kamenka. Mama yangu yuko Kamenka. Bwana wetu ameanza kuuza watu mmoja mmoja, na wanunuzi wanatoka mbali. Mimi niwe huru, nikienda kumwona mama nimkute hayupo, na nisijue pa kumtafuta? Nilimtoa mwanangu wakati watu wote wamefunga milango. Aliniita, sikwenda, kwa sababu nilikuwa nimekishika kichwa chako. Tabibu ananiambia jicho lingepotea hata kama ningekwenda. Labda. Mimi ndiye niliyesikia anavyoita. Sikulazimishwa na mtu, nilifanya kwa hiari yangu. Naomba Kamenka."

Wakuu wengine waliinamisha macho. Malkia akamgeukia Halvard. "Na wewe, tabibu? Utaomba nini, wewe usiye na kijiji?"

Halvard akaja mbele. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ile ya dirisha.

"Mama Malkia, uliniuliza kama nimekwisha kuwachanja watu, nikakujibu Sosnovka. Hukuniuliza zaidi, nami nikashukuru kwamba hukuniuliza. Sasa nitasema. Bwana Platon aliwapanga watu wake uani kama ng'ombe, akaniambia, jaribu. Sikujua lugha yenu wakati ule. Nilizidisha usaha, nilikata chale ndefu, sikujua kipimo. Palikuwa na mwanamke aliyeolewa punde tu. Nilipomshika mkono aliniambia maneno fulani, nikatabasamu nikamchanja. Alikufa. Wengine nao walikufa. Nilipojifunza lugha nikaelewa maneno yale. Alikuwa akiniuliza, bwana, naadhibiwa kwa kosa gani?"

Platon Orlevsky alikuwa akizichezea pete zake.

"Kipimo nilichokuchanja nacho, Mama Malkia, nilikipata kwa wale waliokufa. Kama si wao, ungekufa wewe. Ustinya alitoa kwa hiari, na heshima yake ni kubwa. Wao hata hiari hawakupewa. Na jamaa zao waliobaki hai wako Sosnovka mpaka leo, mali ya mtu yule yule aliyewapanga uani. Bwana wao anaweza kuwatoa tena kesho kwa tabibu mwingine. Mimi sidai kitu. Kama kuna deni, ni langu na ni lako pia. Naomba Sosnovka."

Malkia alishika mkono wa kiti. Akasema kwa sauti iliyopungua, "Bwana Rodion."

Mzee akasogea. Hakupiga goti safari hii.

"Mama Malkia, mimi bado naona ulikosea. Umepona, nafurahi, lakini ulikosea. Sitaki zawadi kwa kumuua ndugu yangu. Ukinipa nishani nitaitupa mtoni."

"Sikupi nishani. Nakuuliza."

"Basi nitasema. Watu wa Dubrovo wako gerezani, vijana kwa wazee. Kwa sheria, aliyeinua silaha mbele ya jumba la malkia hupelekwa migodini kwenye theluji, na tunajua migodini harudi mtu. Wake zao wataachwa, na mashamba, kwa kuwa ya mwasi hayarithiwi, yatagawanywa kwa hawa mabwana. Wamekosa nini? Bwana wao aliwaambia twende. Wangekataa, angewachapa mijeledi, na sheria zenu hizi hizi zingempa haki. Mimi nilisimama mlangoni kwa sababu ya ahadi yangu, wao walikuja kwa sababu ya amri ya bwana wao. Mimi mnaniita shujaa na wao mnawaita waasi. Mtu huru hawezi kushitakiwa kwa kosa alilolitenda akiwa mali ya mtu; hiyo umeitunga wewe mwenyewe, Mama Malkia, katika sheria zako mpya. Ukiwaacha huru, wanatoka gerezani. Usipowaacha, wataondoka na minyororo kabla mto haujayeyuka."

Akaliangalia koti lake, akaendelea.

"Matvei hana mtoto. Kilichobaki chake duniani ni wale watu. Sijalala na chakula tumboni tangu siku ile. Naomba Dubrovo."

Platon Orlevsky akainama tena kwa adabu. "Kimoja, Mama Malkia," akasema. "Tunasubiri."

Malkia Glafira akasimama. Alimtazama Ustinya, na Palasha akamtazama yeye kwa jicho moja. Akamtazama Halvard, akaikumbuka siku ile alipomtazama hivyo hivyo akaacha kumuuliza. Akamtazama Rodion, na doa kwenye koti ambalo lilikuwa limegoma kutoka hata lilipofuliwa. Kisha akataja kijiji kimoja, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, na mwandishi wa ikulu akakiandika, na wakuu wakagonga meza kwamba imekuwa.

Nimesikia hadithi hii kwa wasimulizi watatu. Wa kwanza aliniambia malkia alitaja Kamenka. Wa pili akaapa kwamba ilikuwa Sosnovka. Wa tatu akakasirika sana aliposikia hayo, akasema ni Dubrovo, na yeyote asemaye vinginevyo hakumwelewa yule mwanamke. Mimi sikuwepo. Ninalojua ni kwamba watu wa kijiji kimoja waliamka kesho yake wakiwa huru, na watu wa vijiji viwili waliamka kama walivyolala.

Haya, nimemaliza yangu. Sasa ninyi mmekaa kwenye kiti kile, Platon anawasubiri, na hao watatu wamesimama mbele yenu. Kuna aliyetoa kwa hiari yake akalipa kwa jicho la mwanawe. Kuna waliokufa bila kuulizwa ili wengine wapone. Na kuna wanaokwenda kufa kwa kumtii bwana ambaye hawakumchagua.

Je, mngetaja kijiji kipi? Na mkishakitaja, mngewaambia nini wale wawili waliobaki wamesimama?